UZI: Mjamzito wa Kilatino, sahani yake na watu wa nyumbani kwake (kwa mlioko kwenye kliniki za Marekani)

Lishe_Houston (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu kuna wauguzi, wakalimani, wasaidizi wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii walioko Texas, Ohio, Arizona, North Carolina na kwingineko, na wengi mnahudumia wajawazito wa Kilatino (wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi vya Kihispania) kila wiki. Maswali kuhusu chakula chao yametapakaa kwenye nyuzi nyingine. Tuyaweke hapa pamoja.

Hoja yangu ni moja. Ushauri wa lishe anaopewa mjamzito peke yake mara nyingi hauvuki mlango wa kliniki, kwa sababu jikoni hayuko peke yake. Katika nyumba nyingi mume ndiye mwenye gari la kwendea dukani, mama mkwe au wifi ndiye anayepika, na mama mzazi yuko Puebla, Meksiko, au San Pedro Sula, Honduras, akitoa maelekezo kwa simu kila jioni. Ukimwambia "punguza tortilla, acha soda" (tortilla ni chapati yao nyembamba ya mahindi au ngano), umemtuma akagombane na watu watatu, tena akiwa na kichefuchefu.

Kwa hiyo kabla ya kumpa karatasi ya vyakula, muulize mambo manne. Nani ananunua? Nani anapika? Ukikataa sahani, nani anaudhika? Kuhusu mimba, neno la nani unalisikiliza zaidi? Majibu yanachukua dakika tatu, na yanakuonyesha ni nani wa kualikwa miadi ijayo.

Msaada nao una aina zake, msiuchanganye. Kuna wa vitendo: kumpeleka dukani, kumlelea mtoto mkubwa, kukata mboga. Kuna wa moyo: kumsikiliza, kutomcheka akishindwa. Kuna wa taarifa: mama na shangazi wanaomwambia ale nini na aache nini. Tatizo la kawaida ni kwamba ushauri wa ndugu unamfurika huku wa kumshikia mwiko hayupo. Mhamiaji aliyeacha mama yake na dada zake kwao anabaki na mume tu, na mume huyo pengine anafanya kazi ya ujenzi saa 12 kwa siku.

Jambo la pili, msianze kwa kumnyang'anya. Tangu miaka ya 1980 watafiti wameona kwamba akina mama waliozaliwa Meksiko huzaa watoto wenye uzito mzuri kuliko ambavyo kipato chao kingekufanya utarajie, na nafuu hiyo hupungua kwa waliozaliwa au kukulia Marekani. Chakula ni sehemu ya maelezo: maharage, mahindi, matunda na supu za nyumbani vinapisha soda, chipsi na vyakula vya haraka vya kununua dirishani. Mgeni wa mwaka mmoja mara nyingi anakula vizuri kuliko binamu yake aliyezaliwa Houston. Linda alichokuja nacho.

Karibuni.

---

Nesi_wa_Columbus

Ahsante sana dada. Swali langu ni kuhusu unga wa mahindi. Daktari wetu anasisitiza foliki asidi (vitamini B9) kwa hawa akina mama kuliko kwa wengine. Kwani unga wa Marekani haujaongezwa virutubisho?

---

Mfamasia_Temeke

Nesi, wa ngano umeongezwa. Tangu Januari 1998 ni lazima unga wa ngano uliorutubishwa, mkate, tambi na mchele uliorutubishwa viwe na foliki asidi. Unga wa mahindi wa kutengenezea tortilla, yaani masa, uliachwa nje. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu uongezwe Aprili 2016, lakini kwa hiari, kiwango cha juu kikiwa miligramu 0.7 kwa kila ratili moja ya unga (gramu 454). Viwanda vingi havikuongeza. California ikapitisha sheria mwaka 2024 ya kulazimisha, kuanzia Januari 1, 2026.

Sasa piga hesabu. Mwanamke anayekula mkate na tambi anapata foliki asidi bila kujua. Anayekula tortilla za mahindi asubuhi, mchana na jioni haipati. Ndiyo sababu moja inayotajwa ya watoto wa Kilatino kuzaliwa na mgongo wazi kwa kiwango kikubwa kuliko makundi mengine huko.

Mambo ya kufanya:

Asome lebo ya unga, atafute maneno "ácido fólico" au "folic acid" kwenye orodha ya viambato. Unga ulioongezwa hadi kiwango hicho cha juu una takriban mikrogramu 150 kwa gramu 100, na gramu 100 ni kama tortilla 6 ndogo. Tortilla za moto za kiwandani mtaani huwa hazina lebo, kwa hiyo ichukuliwe kwamba hazina foliki.

Kidonge cha mikrogramu 400 kila siku, kianze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, na wengi wakati huo hawajajua kama ni wajawazito. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa ya miligramu 4, na hiyo aandikiwe na daktari. Asijaribu kuifikisha kwa kumeza multivitamini kumi, maana atazidisha vitamini A.

Na hapa ndipo hoja ya dada Lishe inapoingia. Mtu wa kupewa taarifa hii ni yule anayenunua unga. Kama ni mume, mpe picha ya pakiti kwenye simu yake.

---

Mzee_wa_Sembe

Hili la mahindi linatuhusu hata sisi tulioko nyumbani. Kenya na Tanzania sheria inataka unga wa viwandani uongezwe virutubisho, lakini dona la kinu cha mtaani halina kitu kilichoongezwa. Na vipi kuhusu sumu ya ukungu? Wao hawana?

---

Mfamasia_Temeke

Wanayo, mzee. Mwaka 1990 na 1991 huko Brownsville, Texas, mpakani na Meksiko, zilionekana mimba nyingi zisizo za kawaida za watoto wasio na ubongo kamili. Baadaye watafiti walihusisha matatizo ya aina hiyo mpakani na fumonisini, sumu ya ukungu wa mahindi, kwa wanawake waliokula tortilla nyingi. Fumonisini huizuia foliki kuingia kwenye seli.

Njia yao ya zamani ya kuchemsha mahindi na chokaa ya chakula inapunguza sehemu kubwa ya sumu hiyo, inafungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje na kuongeza kalsiamu. Kilo 1 ya mahindi makavu, maji lita 3, chokaa ya chakula gramu 10. Chemsha moto wa wastani dakika 30 hadi 40, mpaka ganda lichubuke ukilisugua kwa vidole. Zima, acha saa 8 hadi 12. Mwaga yale maji ya njano, suuza mara mbili au tatu, kisha saga. Usitumie sufuria ya aluminiamu, chokaa huila. Chokaa ikizidi, unga unakuwa mchungu. Ikipungua, ganda halitoki na tortilla inapasuka. Maji ya kwanza yasitumike kwa chochote, sumu imehamia humo.

Mahindi yenye ukungu unaoonekana yatupwe. Chokaa haiyaokoi.

---

Kaka_Phoenix

Wakuu, naheshimu michango, ila naona tunazunguka. Shida ya hawa akina mama ni pesa na hofu ya karatasi. Wengi hawaendi kuomba msaada wa chakula kwa sababu wanaogopa uhamiaji. Ushauri bila pesa unafika wapi?

---

Lishe_Houston

> Kaka_Phoenix amesema: Ushauri bila pesa unafika wapi?

Kweli kabisa kaka, tuliseme kwa undani.

WIC ni mpango wa serikali kuu wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5. Ulianza kama majaribio mwaka 1972. Kipato kisizidi asilimia 185 ya kiwango rasmi cha umaskini, na mtoto aliye tumboni anahesabiwa kwenye idadi ya watu wa nyumba. Hautaki mama awe raia, na karibu majimbo yote hayamuulizi hali yake ya uhamiaji. Ule wa SNAP, msaada wa chakula kwa familia zenye kipato kidogo, ni tofauti, una masharti ya uhamiaji, na watu huichanganya miwili hii. Hofu iliongezeka mwaka 2019 ilipotolewa kanuni ya kumhesabu mhamiaji kuwa mzigo kwa serikali. WIC haikuwemo kwenye kanuni hiyo, na kanuni yenyewe iliondolewa 2021, lakini watu walishajitoa. Mwenye kesi ya uhamiaji aongee kwanza na wakili wa msaada wa kisheria. Usimhakikishie wewe.

Miadi ya kwanza aende na kitambulisho, uthibitisho wa anwani na wa kipato. Anayelipwa taslimu huweza kuleta barua ya mwajiri. Watampima urefu, uzito na damu ya kidoleni. Kadi hujazwa kila mwezi, na kisichonunuliwa mwezi ukiisha kinapotea.

Kwenye kapu la mjamzito kuna maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga, nafaka zisizokobolewa, na fungu la fedha la matunda na mboga, ambalo mwaka 2024 lilikuwa dola 47 kwa mwezi. Tortilla laini za mahindi zinakubalika. Za ngano nyeupe hazikubaliki.

Linaloharibika ni dukani. Anachukua pakiti ya ukubwa usio sahihi, mashine inakataa, foleni inamtazama, anaacha vyote na harudi tena. Tiba yake ni mtu wa kwenda naye mara ya kwanza: dada, jirani, au promotora, yaani mama wa mtaani aliyefunzwa kuhudumia afya ya wenzake. Aliyeandamana na mtu mara moja anajua rafu, ukubwa na keshia wa kumwendea.

---

Mkalimani_Mvita

Nyongeza fupi. Msidhani Mlatino ni mmoja. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani, hana suala la karatasi. Mtu wa Jamhuri ya Dominika sahani yake ni wali, mbaazi, muhogo na ndizi za kupika, kwa hiyo karatasi yako ya tortilla haimhusu. Na wapo wengi kutoka nyanda za juu za Guatemala ambao lugha yao ni Kimam au Kikiche. Kihispania anakiitikia kwa adabu tu, anasema "sí" kwa kila kitu. Mwambie akurudishie alichoelewa kwa maneno yake. Asipoweza, omba mkalimani wa lugha yake kwa simu. Usimtumie mtoto wake wa miaka 10.

---

Sista_Kisukari

Nije kwenye kisukari cha mimba, maana huku ndiko wanakoogopeshwa zaidi.

Kipimo hufanywa wiki ya 24 hadi 28: anakunywa gramu 50 za glukosi, damu inapimwa baada ya saa 1. Ikifika 130 au 140 (miligramu kwa desilita ya damu, kliniki hutofautiana), anarudi kwa kipimo kirefu cha gramu 100. Akithibitika, malengo ya kila siku ni chini ya 95 kabla ya kula asubuhi, chini ya 140 saa 1 baada ya kuanza kula, au chini ya 120 baada ya saa 2.

Kosa la watoa ushauri ni kumwambia aache tortilla zote. Mjamzito anahitaji angalau gramu 175 za wanga kwa siku. Akizikata ovyo, asubuhi anakutwa na ketoni (dalili kwamba mwili unachoma mafuta kwa kukosa wanga), na jioni anashindwa anakula mkate mtamu. Mpe vipimo:

Tortilla 1 ya mahindi ya sentimita 15 ina wanga kama gramu 12 hadi 15. Ile kubwa ya ngano ya kufungia nyama na maharage (burrito) hufika 35 na zaidi. Wali uliopikwa, theluthi moja ya kikombe, ni 15. Nusu kikombe cha maharage ni kama 20, ila yana nyuzinyuzi gramu 7 hivi, sukari hupanda polepole. Soda ya mililita 355 ina sukari gramu 39, na ile ya Meksiko ya chupa ya kioo ni vivyo hivyo, hata kama sukari yake ni ya miwa.

Asubuhi ndiyo ngumu zaidi, homoni zinaizuia insulini. Mayai 2 na nopales (majani ya mpungate yaliyotolewa miiba), tortilla 1, nusu kikombe cha maharage. Matunda na maziwa yasogezwe hadi vitafunio vya saa 4. Baada ya kula atembee dakika 10 hadi 15.

Wanaomharibia ni wanaompenda. Kuna imani mbili zenye nguvu: kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya wawili, na kwamba hamu yake ya chakula isipotimizwa itamdhuru mtoto. Kwa hiyo mume anarudi usiku na keki na soda, ishara ya mapenzi. Ukimwambia mume "acha", umemnyang'anya njia yake ya kujali. Mpe nyingine. Awe mtu wa kutembea naye baada ya chakula cha jioni. Aandike namba za kipima sukari. Soda isiingie nyumbani kwa mtu yeyote hadi mtoto azaliwe, kwa sababu mmoja hawezi kunywa maji ya ndimu mezani penye chupa ya lita 2. Kuhusu kula kwa wawili, mwonyeshe namba: miezi mitatu ya kwanza haongezi chochote, ya kati kama kalori 340 kwa siku, ya mwisho kama 450. Hiyo 340 ni tortilla 2, yai 1 na parachichi nusu.

---

Nesi_wa_Columbus

Na jibini? Kuna mgonjwa aliambiwa asile kabisa, akasema analetewa na shangazi yake.

---

Mkunga_Nakuru

Hilo ni zito, Nesi. Queso fresco, queso blanco, panela na requesón ni jibini laini zenye maji mengi na asidi kidogo, na listeria, bakteria hatari kwa mimba, hukua humo hata ndani ya friji. Los Angeles mwaka 1985 jibini ya aina hii iliwafanya watu 142 waugue, wengi wao wajawazito na watoto wachanga, na vifo vikafika 48 ukihesabu na mimba zilizopotea. Huko Winston-Salem, North Carolina, mwaka 2000 jibini ya nyumbani ya maziwa mabichi ilileta balaa kama hilo.

Ya hatari kubwa ni inayouzwa mlango kwa mlango, kwenye buti ya gari, au inayoletwa kwenye sanduku kutoka kijijini. Lakini hata yenye lebo "pasteurizada" imewahi kuchafuka kiwandani baada ya maziwa kupashwa. Kwa mjamzito kanuni ni rahisi: ipashwe hadi nyuzi 74 za Selsiasi, yaani ifuke mvuke na kutoa mapovu katikati, au asile. Iingie kwenye quesadilla (tortilla iliyokunjwa na jibini na kupashwa) au supu inayochemka. Kuinyunyiza juu ya maharage vuguvugu haitoshi. Kama amekula ya kijijini halafu akapata homa na maumivu ya misuli, aende akaseme alichokula, hata kama zimepita wiki kadhaa.

Kwa shangazi, heshima kwanza. Muite kwenye simu, mshukuru, mwambie jibini yake itapikwa, na mwombe alete kitu kingine: kuku wa supu, mboga, maharage. Mtu anayeleta zawadi anataka kupokelewa.

Na muulize mama anapikia maharage kwenye nini. Vyungu vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka Meksiko huweza kuwa na madini ya risasi, na nyanya na ndimu huyatoa kwenye rangi hiyo. Chungu kibaki pambo, apikie sufuria ya chuma cha pua. Udongo wa kula ni habari ileile tunayoijua sisi kwa pemba. Unga wa dawa ya tumbo uitwao greta au azarcón ni risasi karibu tupu, usitumike hata kidogo. Aliyewahi kutumia chochote kati ya hivi apimwe risasi kwenye damu, na ale kalsiamu ya kutosha, miligramu 1,000 kwa siku, maana mwili unaochota kalsiamu kwenye mifupa huchota na risasi iliyolala humo.

---

Binti_Bagamoyo

Naomba niweke tahadhari kwa haya ya kumwalika mume na mkwe. Ongea na mama peke yake kwanza. Wapo ambao mume ndiye anayeshika kadi, simu na funguo za gari, na kumwalika ni kumwongezea mamlaka. Mpeleke mama kupima mkojo au uzito peke yake, ulize hapo: uko salama nyumbani? Ungependa nani aingie? Asipotaka mtu, usimshinikize. Kwenye jalada usiandike kwa namna ambayo mume ataisoma kwenye simu yake.

---

Lishe_Houston

Ahsante dada Binti. Hilo litangulie yote niliyoandika juu.

---

Kaka_Phoenix

Na wale wa viwanda vya kuku na usafi wa hoteli? Hata akipika vizuri, kazini hapewi muda wa kula.

---

Mkalimani_Mvita

Kaka, ipo sheria ya haki za wafanyakazi wajawazito iliyoanza Juni 27, 2023. Inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Kukaa na maji karibu, mapumziko ya ziada ya kwenda chooni, ya kula na kunywa, na kukaa au kusimama inapohitajika ni maombi ambayo mwajiri ni vigumu sana kuyakataa kihalali. Aombe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu kwa msimamizi, na aweke nakala. Mwenzake wa zamu amsindikize siku anayoomba. Wengi hurudi nyuma mlangoni wakiwa peke yao.

---

Mama_Ubungo_Dayton

Na asiye na mtu kabisa? Mume yuko mbali, ndugu hana, Kiingereza hana.

---

Lishe_Houston

Dada, kwa huyo kuna vitu vitatu vya kutafuta wiki hiyohiyo.

Kliniki ya kikundi: wanawake 8 hadi 12 wenye mimba za umri mmoja wanakutana kama mara 10, saa moja na nusu hadi mbili, wanapimwa na kuzungumza pamoja. Uliza kama eneo lenu kuna kundi la Kihispania. Promotora: Detroit waliendesha mpango wa Healthy MOMs kwa Kihispania, ukifundishwa na wanawake wa mtaani waliofunzwa, na washiriki walipunguza sukari ya kuongeza na mafuta mabaya, mboga zikaongezeka. Tatu, mama yake wa mbali. Mweke kwenye simu ya video wakati wa miadi, umweleze yeye mwenyewe vidonge vya madini chuma: vimezwe na chungwa au maji ya ndimu, mbali na maziwa, kahawa na atole (uji wao wa mahindi) kwa saa 1 hadi 2. Akikuelewa, atamkumbusha bintiye kila jioni kutoka maelfu ya kilomita. Mwambie pia kwamba aliyekuwa na kisukari cha mimba hurudi kupimwa wiki ya 4 hadi ya 12 baada ya kujifungua. Siku zile 40 za kutunzwa ndani (wanazo kama sisi) huishia ndani ya kipindi hicho, na wengi hawarudi.

Na kwa jikoni la mtu mmoja: siku ya mapumziko aloweke ratili 1 ya maharage ya WIC usiku, amwage maji, achemshe na kitunguu, kitunguu saumu na majani ya epazote (kiungo chao cha maharage), chumvi mwishoni. Atapata vikombe kama 6. Agawe kwenye mifuko ya nusu kikombe, ipatikane 12, aandike tarehe. Minne iingie kwenye friji kwa siku 3 au 4, minane kwenye friza. Kila jioni atoe mmoja, apashe na nyanya, avunjie yai juu na kulipika liive hadi kiini.